Gari kuukuu kwa safari za ufukweni: uzoefu wangu wa miaka tisa

Mwenzetu ameuliza kama ni busara kwa mkazi wa Dar es Salaam, anayekwenda kazini kwa basi la mwendokasi, kununua gari la karibu miaka thelathini kwa ajili ya safari za ufukweni za mwisho wa juma tu. Mimi ninalo gari la namna hiyo, Suzuki Escudo ya mwaka 1995 yenye milango mitatu, na jibu langu ni ndiyo.

Sisi huenda Kimbiji, kusini mwa Kigamboni. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 tuliondokana na foleni ya kivuko cha Magogoni iliyokuwa ikitumalizia asubuhi nzima, lakini abiria wa basi bado huachwa barabarani, na kutoka hapo hadi ufukweni ni njia ya mchanga. Mama yangu magoti hayamruhusu kuitembea. Gari hili, kwa chesisi yake ngumu na gia nzito ya kuvuta magurudumu yote manne, humfikisha hadi kivulini chini ya mivinje, mradi nimekumbuka kupunguza upepo wa matairi hadi psi 18 hivi kabla ya kuuingia mchanga.

Uhuru wenyewe, kwangu mimi, ni kufuata maji badala ya ratiba ya mtu mwingine. Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa kuogelea Jumamosi iliyopita haifai Jumamosi hii, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari hupwa mbali sana hata aliyefika kwa basi akalazimika kurudi mapema huenda asiloweshe miguu. Mama, aliyezaliwa pwani, hunipigia simu Alhamisi kunieleza maji yatakuwa wapi, nasi tumewahi kuondoka saa kumi alfajiri, na majuma mengine baada ya adhuhuri, kwa neno lake tu.

Gharama zipo, ila si zile watu wanazoziogopa. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kufidiwa katika bei ya mafuta, hivyo gari linalolala juma zima halikudai kodi hiyo. Bima ni lazima. Nunua mkononi mwa mtu hapahapa nchini, kwa maana ukiagiza gari la umri huo utatozwa ushuru wa uchakavu.

Adui mkubwa ni chumvi. Mwaka wangu wa pili nilizembea kuliosha gari uvunguni kwa maji yasiyo na chumvi kila turudipo, kutu ikala sakafu chini ya miguu ya dereva, na fundi wa kuchomelea akakaa nalo siku tatu. Tangu hapo silali Jumapili kabla sijaliosha, na kila Ijumaa jioni hukagua oili, maji ya rejeta, fenibelti na tairi la akiba.

Kwa hiyo gari hilo unalolitazama, usivutwe na rangi. Lipeleke kwenye shimo la fundi unayemwamini wewe, si wa muuzaji, kisha ugonge sakafu na chesisi kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuzungumza bei. Chuma kikibonyea popote, liache.