Nyumba ya Tabata Niitangaze kwa Bei Gani?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya vyumba vitatu Tabata, Dar es Salaam, niliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka 11 kwa gharama ya shilingi milioni 72. Mimi na mke wangu tumeamua kuiuza ili tuhamie Morogoro. Dalali mmoja ananiambia nitaje milioni 200, mwingine milioni 120, na jirani wa mtaa wa pili aliuza yake mwaka jana kwa milioni 145. Ninayo leseni ya makazi. Nitaje bei gani?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Anza na jirani yako kabla ya madalali, kwa sababu bei ya dalali bado ni maneno, ilhali zile milioni 145 zililipwa na mtu. Hata hivyo, mwombe akueleze aliuza nini hasa: alikuwa na hati miliki, gari linafika getini, kuna uzio na kisima? Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, lakini leseni ya makazi ni ya miaka michache tu, na mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki hulitazama jambo hilo kwa makini sana. Kama mwenzako alikuwa na hati nawe huna, bei yake si yako.

Milioni 72 na jasho la miaka 11 havimhusu mnunuzi, ingawa najua neno hili linauma. Yeye atasimama sebuleni, atainua macho, na akiona darini duara la kahawia lililoachwa na mvua, atakuwa ameshapunguza milioni kadhaa moyoni kabla hajauliza bei. Badilisha bati lililotoboka kwanza. Ukipaka rangi juu ya doa, masika yatalirudisha.

Kisha mlipe mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, ambaye hapati kamisheni kwa mauzo yako na hivyo hana sababu ya kukufurahisha. Tuseme amefikia milioni 130. Tangaza milioni 140, useme maongezi yapo, na wewe na mama mkubaliane mapema kiasi ambacho hamtashuka chini yake. Ridhaa yake itahitajika hata hivyo, kwa kuwa hiyo ni nyumba ya ndoa.

Milioni 200 sikushauri kabisa. Nyumba ya namna hiyo huzungushwa na madalali kumi kwa miezi minane, kila mmoja akiongeza cha juu chake, hadi watu waanze kuulizana ina kasoro gani, na mwisho mwenyewe huiachia kwa bei ambayo angeikataa mwezi wa kwanza. Chagua dalali mmoja, mwandikiane.

Hesabu pia kitakachobaki mkononi. Ukiuza kwa milioni 130 na kamisheni mliyokubaliana ikawa asilimia 5, dalali anachukua milioni 6.5. Kodi ya faida ya mauzo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, yaani karibu milioni 6 iwapo gharama zako za milioni 72 zitakubaliwa, nawe utabaki na takriban milioni 117. Gharama hizo zinahitaji ushahidi, kwa hiyo tafuteni risiti za saruji, nondo na mabati wiki hii, kabla hamjaanza kufungasha.