Umeitwa intavyu kampuni ya korosho? Ichimbe kwanza

Dogo, umesema Jumanne una intavyu ya ukarani wa ghala kwenye kampuni ya korosho hapa Mtwara na hujui uanzie wapi kuwachunguza. Anza BRELA, wale wakala wa serikali wanaosajili makampuni, jina la kampuni unalitafuta kwenye mtandao wao uone kama imesajiliwa, dakika tano tu, na kama hawapo kabisa basi hapo shtuka. Wakikuomba hela ya fomu au ya "usaili" ndo usiende kabisa.

Ila mtandao haukupi yote, huku kwetu habari ziko mtaani. Nenda pale ghalani kwao asubuhi, ongea na vibarua na madereva wa maroli, mama ntilie wa getini ndo usimwache maana yeye anajua mshahara unatoka tarehe ngapi na nani kaacha kazi juzi. Mi nilipuuza hilo mwaka fulani nikaingia sehemu nikakaa miezi mitatu nadai, sitaji jina.

Halafu soma kazi yenyewe. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa stakabadhi mpaka iuzwe mnadani, imeanza huku Mtwara 2007, jua korosho inatokaje AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mpaka mnadani, mambo ya madaraja ya ubora na unyevu, na kama hao jamaa wanabangua au wanasafirisha ghafi tu kupitia bandarini. We waulize pia msimu ukiisha karani anabaki au anapumzishwa, maana mnada unaanza Oktoba na msimu ukishaisha maghala mengi yanapoa.