Je, grafini inaweza kumsaidia mzee mwenye Parkinson?

SWALI: Mimi ni mteknolojia wa maabara ya hospitali, Morogoro. Baba yangu ana Parkinson na anatumia dawa ya levodopa. Nimesoma kwamba grafini inaweza kutambua Alzheimer kwa tone la damu, na kwamba inayeyusha protini zinazoharibu ubongo wa mgonjwa wa Parkinson. Tena kwenye makundi ya WhatsApp naona bangili za "grafini" zinauzwa. Ukweli ni upi, na kitu hicho kinafanyaje kazi?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu. Bangili tuziondoe kwanza: kaboni iliyovaliwa mkononi haina njia ya kufika ubongoni wala ya kupeleka chochote huko. Okoa hela yako.

Grafini ni kaboni ileile iliyomo kwenye penseli, ila imebanduliwa mpaka likabaki tabaka moja tu la atomu. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliibandua kwa selotepu, wakatangaza matokeo yao mwaka 2004, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya Fizikia. Sisi tunaotengeneza vifaa tiba tunaipendea jambo moja: kila atomu yake iko juu, wazi, hakuna iliyofichika ndani. Kitu chenye chaji kikitua juu yake, mkondo wa umeme unaopita humo unabadilika, na badiliko hilo linapimika.

Ndivyo sensa ya Alzheimer inavyofanya kazi. Tandaza grafini kati ya elektrodi mbili (ncha zinazopitisha umeme), pandikiza juu yake kingamwili zinazokamata amiloidi beta au tau, protini zinazorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, kisha weka sampuli. Protini ikinaswa, mkondo unapanda au unashuka.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa maabara, hapa nitakaa kidogo. Damu ina chumvi, na ayoni za chumvi huizunguka chaji yoyote na kuifunika. Katika damu, nguvu ya chaji haivuki hata nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Kingamwili nayo ina urefu wa takriban nanomita 10. Kwa hiyo protini inanaswa mbali mno na grafini, nayo grafini haina habari. Watafiti hulikwepa tatizo hilo kwa kuzimua bafa (maji ya chumvi ya maabara yenye sampuli) au kutumia vinasaji vifupi zaidi, kama aptama, yaani vipande vifupi vya DNA au RNA. Halafu kuna albumini, protini iliyojaa kwenye damu, ambayo unajua inavyong'ang'ania kila uso inaoukuta. Ukisoma utafiti wa namna hii, kabla hujashangilia tafuta sampuli ilikuwa nini: bafa safi iliyoongezwa protini, au plazma (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya wagonjwa halisi? Mara nyingi majigambo yanaishia hapo.

Kipimo cha damu cha Alzheimer kipo, lakini si cha grafini. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha Lumipulse kinacholinganisha p-tau217, aina mojawapo ya tau, na amiloidi kwenye plazma, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Kinatumia kingamwili, kimeng'enya na mwanga, teknolojia isiyo ngeni kwako.

Habari ya kuyeyusha protini nayo ina msingi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya vipande vidogo sana vya grafini, vya nanomita chache, vilivyozuia alfa-sinukleini, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson, isijisokote kuwa nyuzi na kuvunja nyuzi zilizokwisha kujisokota. Vilivuka hata kizuizi kati ya damu na ubongo. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa panya, waliodungwa nyuzi hizo makusudi. Baba yako amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, na kuvunja nyuzi hakufufui seli. Kisha kuna swali la usalama ambalo halina jibu moja, kwani ukubwa wa kipande, usafi wake na njia kinayoingilia mwilini hubadilisha kila kitu.

Mimi matumaini yangu nayaweka kwenye elektrodi. Kuchochea ubongo kwa umeme kunatumika kwa Parkinson tangu zamani, ila elektrodi zake za metali ni nene, za zaidi ya milimita moja. Grafini inaruhusu ncha za mikromita, nyembamba na zinazopindika, zinazosikiliza na kuchochea mahali padogo zaidi. Septemba 2024 elektrodi za grafini za kampuni ya INBRAIN ya Barcelona ziliwekwa kwa mara ya kwanza kwenye ubongo wa binadamu, huko Salford, Uingereza. Aliyewekewa alikuwa akiondolewa uvimbe, wala si mgonjwa wa Parkinson. Lengo lilikuwa kuona kama ni salama na zinasoma ishara vizuri.

Kwa mzee, jambo linalowezekana leo ni dogo lakini lina maana. Levodopa huvuka kile kizuizi cha ubongo kupitia mlango uleule wa amino asidi za chakula. Akiimeza pamoja na sahani ya maharage au nyama, dawa inagombea nafasi na protini na inaweza kuchelewa kufanya kazi. Mwulizeni daktari wake kuhusu kuimeza nusu saa kabla ya kula, na andikeni saa anazokakamaa ili daktari apange dozi kwa kuziangalia.