Tuongeze huduma au tukaze hapahapa?

SWALI: Mambo dada, mi na mshkaji wangu tuna apu ya kuagiza gesi hapa Mwanza, wateja wachache, yeye anataka tuongeze maji na chakula, mi naona tutavurugikiwa.

JIBU: Poa mdogo wangu. Angalieni kwanza wateja wanafanya nini. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya 2005 ilikuwa ya kurejesha mikopo midogo, watu wakawa wanatumiana hela wenyewe, Safaricom wakalifuata hilohilo wakaizindua 2007. Je kuna mteja kawahi kuwauliza maji? Kama yupo mpelekeeni madumu mawili matatu na boda, apu msiiguse. Chakula sahau, kinachacha! Halafu andikishaneni nani ana neno la mwisho kwenye hela, hapo ndo mtagombana.