Maswali Yenu: Serikali na Simu za Raia

SWALI: Mimi sina cha kuficha. Kama kukagua simu za watu wote kutasaidia kumnasa gaidi mmoja, ubaya uko wapi?

JIBU: Kabla ya kufika kwenye haki, kuna hesabu. Chukua nchi ya watu milioni 50, yenye watu 500 walio hatari kweli. Tuseme kompyuta inayokagua simu hizo inapatia mara 99 kwa kila 100, na hapo tumeipendelea mno. Itawanasa 495 kati ya wale 500. Lakini asilimia 1 ya wasio na kosa nao watatiwa alama, yaani karibu watu 500,000. Kila mhalifu mmoja kwenye orodha atakuwa amefunikwa na watu kama elfu moja wasio na hatia, na wapelelezi watamaliza siku wakiwachuja hao huku mlengwa akipita pembeni.

Marekani ilijaribu. Baada ya Edward Snowden, aliyefanya kazi katika ujasusi wa nchi hiyo, kufichua mwaka 2013 kwamba rekodi za simu za raia zinakusanywa kwa jumla, bodi rasmi ya kusimamia faragha iliuchunguza mpango huo. Ripoti yake ya Januari 2014 haikuona hata tishio moja dhidi ya nchi hiyo ambalo upelelezi wake ulibadilika kwa sababu ya rekodi hizo, na sheria ya mwaka 2015 ikasitisha ukusanyaji huo. Tuseme haki lakini: miezi michache baadaye bodi hiyohiyo iliona kuwa mpango mwingine, unaolenga wageni mahususi walio nje ya Marekani, una manufaa. Kulenga mtu kwa sababu inayotajika ni kazi ya upelelezi. Kuzoa kila mtu kwanza na kutafuta sababu baadaye ni jambo jingine kabisa.

SWALI: Tunaambiwa wanachukua rekodi tu, maongezi hayasikilizwi. Rekodi zina nini?

JIBU: Zina namba iliyopiga na iliyopigiwa, saa, muda wa maongezi na mnara uliobeba simu. Soma hizi tatu: saa tatu asubuhi, kliniki ya saratani, dakika 6; saa tatu na robo, mama mzazi, dakika 40; saa tano, wakili wa mirathi. Hakuna neno lililosikilizwa, na habari yote umeipata. Mnara unaobeba simu yako usiku unaonyesha unakolala, wa mchana unaonyesha unakofanya kazi.

Kisha kuna makosa. Mjini minara imesongamana, mmoja unahudumia mita mia kadhaa. Vijijini mmoja hufunika kilomita nyingi. Na mnara wa karibu ukielemewa, simu hudaka ulio mbali zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuandikwa alikuwa mtaa ambao hakukanyaga. Rekodi ya mnara inasema simu ilikuwa ndani ya eneo fulani; haisemi nani alikuwa ameishika.

SWALI: Muswada wa usalama uko bungeni na wananchi tumealikwa kutoa maoni. Tuangalie nini?

JIBU: Anzeni na kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno yaliyotumika. Kama “usalama wa taifa” haujafafanuliwa, au umefafanuliwa kwa maneno kama “na jambo lingine lolote”, vifungu vingine vyote vimekwisha kulegea.

Halafu tafuteni anayetia saini. Waziri peke yake hatoshi, kwa kuwa yeye ndiye bosi wa wanaoomba. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2016, kibali cha kunasa mawasiliano hutolewa na waziri na sharti kipitishwe na kamishna ambaye ni jaji au aliwahi kuwa jaji. Kibali kitaje mtu au namba, kiwe na ukomo, na kikihuishwa sababu ziandikwe upya, zisinakiliwe. Kwa dharura, sawa, waanze bila karatasi, lakini jaji athibitishe ndani ya saa zilizotajwa, na akikataa walichonasa kifutwe.

Kifungu kinachosahauliwa zaidi ni cha kumjulisha aliyefuatiliwa. Asiyejua kuwa alisikilizwa hawezi kushtaki, basi ulinzi wote wa mahakama unabaki kwenye karatasi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua Februari 2021 kwamba mtu ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, na jaji aweza kuahirisha iwapo taarifa itaharibu upelelezi.

Mkiandika maoni, msiishie kwenye “tunapinga”. Tajeni namba ya kifungu, andikeni maneno mnayotaka yaingie badala yake, na sababu kwa sentensi mbili. Karani wa kamati hawezi kufanyia kazi hasira.

SWALI: Nikitumia programu inayosimba ujumbe, yaani inayougeuza fumbo ili mwingine asiusome, niko salama?

JIBU: Maneno yakiwa njiani, ndiyo. Nani uliwasiliana naye na lini huweza kubaki wazi. Nakala za akiba unazohifadhi mtandaoni mara nyingi hazijasimbwa vilevile, hivyo ingia kwenye mipangilio uziwekee usimbaji au uzizime. Na programu ya kijasusi ikishaingia ndani ya simu, inasoma kioo kama unavyosoma wewe. Dhidi ya hiyo, sasisha mfumo wa simu siku toleo jipya linapotoka na usifungue kiungo usichokitarajia.