Silinda ising'ae kama kioo

Mkuu, umeuliza kama kuta za silinda za injini zinatakiwa kung'aa kabla ya kufunga ringi mpya za pistoni. Hapana. Ukuta unaong'aa haushiki oili, na ringi hazikai sawasawa. Utaishia kuona moshi wa buluu.

Kinachotakiwa ni mistari midogo inayokatizana, pembe ya nyuzi 45 hivi, inayochorwa ukutani kwa jiwe la kusugulia silinda. Ikilala sana oili inabaki nyingi ukutani, ikisimama sana inateremka yote. Pembe inatokana na kasi ya kuzungusha jiwe dhidi ya kasi ya kulipandisha na kulishusha, kwa hiyo usiharakishe mkono.

Kwa injini ya mbio mimi huanza na jiwe namba 220 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) hadi nibakize kidogo sana kufikia kipimo cha mwisho cha silinda, kisha 280 au 400 kutegemea ringi (zilizopakwa madini ya molibdeni zinapenda laini zaidi), halafu napitisha brashi ya kusugulia silinda mara chache tu. Brashi inakata vilele na kuacha mabonde ya kuhifadhia oili. Hatua hiyo ndiyo wengi wanairuka, halafu ringi mpya zinalazimika kufanya kazi hiyo kwa kujisaga zenyewe.

Ukiweza, unaposugua funga bamba nene la chuma juu ya bloku kwa torki (nguvu ya kukaza bolti) ileile ya silinda hedi, maana bolti zikikazwa silinda hupinda.

Kuosha: maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli peke yake inaacha unga wa jiwe ndani ya mistari. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe.