Fotoni ikichelewa kufika, ulizeni kwanza ilitoka lini

Ninyi mnaoanza kusoma miale ya gamma, nuru yenye nishati kubwa kuliko nyingine zote, mapema tu mtakutana na mchoro wa fotoni (chembe za nuru) za nishati kubwa zikifika nyuma ya zile za nishati ndogo. Msikimbilie kusema kasi ya nuru imebadilika. Ulizeni kwanza kama zilitoka pamoja.

Mwaka 2005 darubini ya MAGIC, kisiwani La Palma, iliona mwako wa galaksi Markarian 501. Fotoni za nishati ya juu zilichelewa takribani dakika 4. Zipo nadharia za graviti ya kwantumu, yaani zinazojaribu kuunganisha graviti na fizikia ya chembe ndogo kabisa, zinazoruhusu jambo hilo: anga tupu lenyewe huzizuia kidogo mno, na safari ya mamilioni ya miaka hulimbikiza ule udogo hadi upimike. Lakini chembe zinazotoa miale hiyo nazo huchukua muda kupata kasi, kwa hiyo huenda fotoni hizo zilichelewa kuzaliwa tu. Mwako mmoja hauamui.

Kinachoamua ni umbali. Ucheleweshaji wa njiani sharti ukue kadiri chanzo kinavyokuwa mbali. Ule wa chanzoni haujui sisi tuko wapi. Mwaka 2006 darubini za H.E.S.S., nchini Namibia, zilinasa mwako wa galaksi PKS 2155-304, iliyo mbali mara kadhaa kuliko Markarian 501, na hazikuona ucheleweshaji wa maana. Huo ndio ushahidi ninaopenda mwanafunzi auelewe kabla ya kugusa fomula yoyote.

Kisha someni mlipuko wa miale ya gamma uitwao GRB 090510, wa mwaka 2009. Chombo cha Fermi, darubini ya miale ya gamma inayoizunguka Dunia, kilipokea fotoni yenye nishati ya giga-elektronivolti 31 chini ya sekunde moja tangu mlipuko uonekane, baada ya safari ya miaka bilioni 7 na ushei. Hata tukiitwika njia lawama yote, mradi fotoni hiyo haikutangulia kutoka, tofauti ya kasi inabaki ndogo ajabu.

Mawimbi ya redio ya pulsa, yale mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi, msiyachanganye humu. Hayo huchelewa kweli, tena yale ya masafa ya chini ndiyo hubaki nyuma, kwa sababu ya elektroni zilizotapakaa kati ya nyota.

Data ya Fermi iko wazi kwa umma, kila fotoni na saa yake na nishati yake. Pakueni ya GRB 090510 mchore wenyewe.